Oili ya Kwanza ya Injini Mpya

Mtu anunuapo pikipiki mpya mjini Kisumu, au injini ya kufunga nyuma ya mashua ili akavue Usenge au Mbita, hutoa fedha nyingi, na mara nyingi ni fedha za mkopo. Injini hiyo ndiyo itakayolipa deni, karo ya watoto na chakula cha nyumbani. Basi yafaa ajue jambo ambalo wengi hulipuuza: oili ya kwanza ya injini mpya humwagwa mapema, hata kama haijawa nyeusi.

Sababu yake ni hii. Vyuma vya injini mpya, ingawa huonekana laini, vina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Pete za pistoni zinapopanda na kushuka ndani ya silinda, na meno ya gia yanapokutana, mikwaruzo hiyo husuguana na kukatika mpaka vyuma vizoeane. Jambo hilo ni la lazima, na sehemu kubwa yake hutendeka katika saa za kwanza za kazi. Lakini vumbi la chuma lililokatika hubaki ndani ya oili na kuzunguka pamoja nayo. Likiachwa humo, oili iliyotiwa ili kulinda vyuma hugeuka kuwa kama msasa wa kuvila. Tena injini nyingi ndogo zina wavu tu wa kuchujia, na vumbi jembamba hupita.

Je, imwagwe lini? Kitabu kinachokuja na injini ndicho cha kufuatwa, kwa maana injini hazifanani. Kwa pikipiki nyingi, oili ya kwanza humwagwa kati ya kilomita 500 na 1,000. Mwenye bodaboda aendaye kilomita 100 kila siku atafikia 500 kwa siku 5 tu. Asingoje mwisho wa mwezi. Kwa injini ndogo za pampu za Honda za aina ya GX, ambazo huweza kunyweshea mboga, ni baada ya saa 20 au mwezi 1, na baadaye kila saa 100 au miezi 6.

Wavuvi nao wajue kwamba injini za mashua ni za namna mbili. Iliyo na oili yake peke yake hubadilishwa oili ya kwanza baada ya saa 10 hadi 20, kama kitabu kisemavyo. Injini ikifanya kazi saa 3 kila siku, juma moja latosha kufikia saa 20. Namna ya pili ni ile ambayo oili yake huchanganywa na petroli. Hiyo haina oili ya injini ya kumwaga, lakini mguu wake uingiao majini una gia zenye oili yake, nayo pia humwagwa mapema. Oili hiyo ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya ziwa yameingia, na fundi aitwe kabla gia hazijaharibika.

Kazi yenyewe si ngumu. Washa injini ya pikipiki dakika chache ili oili ipate moto kidogo na kutiririka pamoja na uchafu wake, kisha izime. Isimamishe mahali pa sawa, kinga chombo chini, ufungue nati ya kumwagia. Ikiisha kutoka, funga nati vema, tia oili ya namna iliyoandikwa kitabuni, upime. Isipungue wala isizidi alama. Mwisho, andika tarehe na kilomita.

Oili chafu isimwagwe ufukoni wala mtaroni. Sehemu ya maji ya kunywa ya mji wa Kisumu huchotwa ziwani, hapo Dunga, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Itieni ndani ya mtungi wenye kifuniko, mkaipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya lita moja ya oili ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya pistoni na silinda mpya, na siku ambazo chombo kitalala bila kazi huku deni likingoja.