Uwezo wa Kisheria wa Maafisa wa Usafiri Baharini Kuchukua Vielelezo vya Ajali

Mara nyingi, baada ya chombo cha baharini kupatwa na ajali, wananchi huwaona maafisa wakiondoka bandarini na madaftari, vyeti au mitambo ya chombo hicho, nao huulizana vimechukuliwa kwa haki ipi. Makala haya yanaeleza uwezo huo na mipaka yake, ili mtumishi aujue wajibu wake na mwananchi aijue haki yake.

Usafiri wa baharini Zanzibar unasimamiwa kwa Sheria ya Usafiri Baharini ya mwaka 2006, na Mamlaka ya Usafiri Baharini iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Aidha, Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu uchunguzi wa ajali, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2010, zinaitaka kila nchi ihakikishe kwamba sheria zake zinamwezesha mchunguzi kufanya mambo matatu: kupanda chombo, kumhoji nahodha, mabaharia na mtu mwengine anayehusika, na kuchukua vielelezo.

Vielelezo hivyo ni pamoja na daftari la safari, orodha ya abiria, hati za shehena, vyeti vya ukaguzi na mtambo wa kurekodi mwenendo wa safari, kwa meli zilizo nao. Mitambo ya zamani ya aina hiyo ililazimika kuhifadhi kumbukumbu za saa 12 tu. Iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Julai, 2014, inapaswa kuhifadhi zisizopungua saa 48. Muda huo ukipita, kumbukumbu mpya huweza kufuta za mwanzo. Ndiyo maana afisa hangojei.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama katika bahari ya Nungwi ikielekea Pemba. Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na Rais wa Zanzibar ilibaini kuwa meli ilipakia watu wengi mno kuliko ilioruhusiwa. Orodha ya abiria haikuweza kutegemewa, ikabidi kusikiliza jamaa waliokuja kuwataja waliopotea. Familia nyingi zilisoma dua bila ya kupata maiti wa kumzika. Kabla ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit ikitokea Dar es Salaam nayo ilizama karibu na Chumbe.

Hata hivyo, uwezo wa afisa una mipaka, nayo ni hii:

(a) Kinachochukuliwa ni kile kinachohusu uchunguzi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda faragha ya mtu na makaazi yake. Uchunguzi wa chombo si ruhusa ya kupekua nyumba ya nahodha.

(b) Kila kielelezo kiorodheshwe, kifungwe na kutiwa saini, na aliyekikabidhi apewe stakabadhi. Kielelezo kisichojulikana kimepita mikononi mwa nani hutiliwa shaka mahakamani.

(c) Baharia anayehojiwa aelezwe uchunguzi ni wa namna gani, na apewe nafasi ya kupata ushauri wa kisheria ili asijitie hatiani bila ya kujua.

(d) Uchunguzi wa usalama hutafuta sababu ya ajali ili isitokee tena. Kumtafuta mkosa na kumfikisha mahakamani ni kazi ya vyombo vyengine, na kazi mbili hizi zisichanganywe.

Watumishi wa bandarini wanakumbushwa kutogusa wala kusahihisha daftari lolote baada ya ajali, hata kama kosa liko wazi. Wananchi nao wanaombwa kuhifadhi tiketi na picha walizopiga, na kuzionesha wachunguzi wanapozihitaji.

Zaidi ya yote, kila msafiri ahakikishe jina lake, na la mtoto aliyempakata, limeandikwa kabla ya chombo kung'oa nanga. Afisa anaweza kuichukua orodha, lakini hawezi kulisoma humo jina ambalo halikuandikwa.