Programu kwanza, tablete kisha



Mu miezi hii kuko ulizo moja lenye linarudi kila mara tunapanda ku milima kuwatembelea: "Agronome, tununue tablete gani?" Mara ingine ni komite yenye imeweka feza kidogo pembeni kisha mauzo. Mara ingine ni mutoto wa kijiji mwenye anaishi Ulaya ao Marekani na anataka kutuma zawadi. Tunafurahi kusikia ulizo hilo, juu mwaka uliopita hakuna mutu alituuliza, na sisi pia tulinyamaza. Basi tuanze na kosa letu wenyewe.

Koperative moja yenye tunafuata ilipaswa kuandikisha mashamba ya wanamemba wake wote. Mufazili alituomba liste ya vitu vyenye vinahitajika. Sisi tukaandika: "tablete 6". Basi. Hatukuongeza hata neno moja. Tablete 6 zikafika, ni iPad za Apple, nzuri sana, kioo kinangaa, na komite ikazipokea kwa makofi. Siku ya kwanza ku shamba, kijana mwenye kuandikisha akatafuta KoboCollect mu duka la programu. Haiko. Tukamuambia: sawa, chukua tu alama ya shamba kwa karte ya ndani. Akasimama katikati ya kahawa dakika kumi, alama haikutokea. Ba papa wenye mashamba walikuwa wanatuangalia tu, wakangoja, kisha wakarudia kazi yao.

KoboCollect, na ndugu yake ODK Collect, zilitengenezwa kwa Android tu. Na iPad yenye haina nafasi ya karte SIM haina GPS ndani yake: inajua fasi iko kwa kuangalia Wi-Fi zenye kuwa karibu. Mu muji inaweza kukudanganya vizuri, unafikiri iko na GPS. Ku milima ya Kalehe, Wi-Fi itatoka wapi? Tulimaliza kazi ile kwa telefone za vijana watatu, na wakati tulimaliza kahawa ilikuwa tayari ku meza za kukaushia.

Juu ya nini alama ya shamba iko na uzito hivi

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inasema kahawa na kakao haviwezi kuingia mu soko yao kama vinatoka ku shamba lenye pori lake lilikatwa kisha tarehe 31/12/2020. Tarehe ya kuanza kutumikisha sheria hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja, wameanza kuomba alama. Kwa shamba la hektare 4 ao chini ya hapo, alama moja inatosha. Likipita hektare 4, inabidi kuzunguka mupaka wote. Mashamba yetu mengi ni madogo, basi alama moja. Lakini angalia: mama mwenye iko na visehemu vitatu ku milima mitatu anahitaji alama tatu, hapana moja ya ku nyumba.

Kwa hiyo chombo chenye hakiwezi kuchukua alama hakisaidii kahawa yenu kufika Ulaya, hata kikiwa cha bei kali.

Kila tablete iko na familia yake

Wakati mutu ananunua jembe, ananunua jembe tu. Tablete haiko vile. Unanunua pia familia: mutambo wenye kuiongoza, duka lenye programu zake zinatoka, na watu wenye wanaendelea kuzitengeneza. Familia ikikosa programu, tablete inabakia sahani. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya Marekani, HP, ilitoa tablete yenye jina TouchPad mwanzo wa mwezi wa 7. Ilikuwa na familia yake ya peke yake, webOS, na programu zake zilikuwa chache. Tarehe 18 mwezi wa 8, mwaka ule ule, HP ikatangaza inaacha. Ile ya bei ya chini ilikuwa inauzwa karibu dola 500. Ikashuka mupaka dola 99. Kama kampuni kama hiyo ilishindwa, koperative yetu isifikiri itapata njia ya kuzunguka jambo hilo.

Leo mutakutana zaidi na familia tatu. Ya Apple tumeisema. Ni zenye nguvu, zinadumu, na kwa kuonyesha video za mafundisho hatuna lawama. Lakini hazina fasi ya kuingiza karte ya kuongeza nafasi, na yenye iko na SIM inauzwa bei ya juu zaidi. Ya Windows inafaa ku biro kwa mutunza feza mwenye kutumia Excel, hapana ku shamba: inakula batri. Ya tatu ni Android, na hapo ndipo programu za kuandikisha walimaji ziko kwa wingi. Kama kazi yenu ni kuandikisha mashamba na kupima kahawa ku kituo cha kuoshea, sisi tunasema Android bila kuzunguka.

Lakini ndani ya Android muko mitego. Fire za Amazon, zenye ndugu wa Marekani wanapenda kutuma juu ni za bei ya chini, hazina duka la Google, na nyingi hazina GPS. Tablete nyingi za Huawei zenye zilitoka kisha mwaka 2019 hazina duka la Google pia; fundi anaweza kuingiza programu kwa njia ingine, lakini kila mara programu inabadilika mutamutafuta tena fundi huyo. Tena mu masoko yetu kuko tablete zenye sanduku lao linasema nafasi kubwa ya ajabu, na ndani hakuna kitu. Na ile ya Android ya zamani sana, programu mupya zinaikataa.

Tuseme jambo lingine lenye wauzaji hawatawaambia: mara mingi hamuhitaji tablete. Telefone ya Android ya katikati, yenye GPS na batri nzuri, inafanya kazi ile ile, inaingia mu mufuko wakati mvua inanyesha, na pano ndogo ya jua inaijaza upesi. Tablete inashinda pale munataka kuwaonyesha wazee karte ya kilima chote, ao kwa mutu mwenye macho yamechoka. Koperative moja ilinunua tablete 2 na telefone 4, na hatujasikia wakilalamika.

GPS haili inite

Wengi wanatuuliza inite ngapi zinahitajika kwa kuchukua alama. Hata moja. GPS inasikiliza sateliti, haiombi rezo. KoboCollect nayo inajaza fishe bila rezo na kuzitunza. Mukishuka ku soko fasi rezo iko, munazituma zote pamoja. Chenye kinaleta taabu ni mara ya kwanza: chombo chenye kimelala siku mingi bila rezo kinaweza kuchukua dakika kadhaa mbele ya kupata sateliti. Usikimbie. Simama fasi wazi, inje ya migomba na miti ya kivuli, ngoja mupaka namba ya uhakika ishuke karibu ya metre 5. Kijana mwenye haraka anaandika metre 60, na shamba linaonekana mu pori la jirani. Mununuzi ataona pori, hatakuja kuuliza kama kijana alikuwa na haraka.

Konti ni ya nani?

Hapa ndipo koperative nyingi zinapoteza, na hapana kwa sababu ya aina ya tablete. Mwandikishaji anafungua konti ya Google na ya Kobo kwa jina lake mwenyewe, kwa adrese yake mwenyewe. Kisha anapata kazi Bukavu ao Goma, anaenda, na neno la siri linaenda naye. Walimaji mia kadhaa wameandikwa, lakini koperative haiwezi kufungua mulango. Fungueni konti kwa jina la koperative, neno la siri liandikwe ku karatasi, lifungiwe mu kasha la feza, na watu wawili wa komite walijue.

Vile vile kwa tablete yenye ilishatumiwa na mutu mwingine. Kama hakutoa konti yake mbele ya kuuza, ukifuta yote itakuuliza neno lake la siri, iwe Apple ao Android. Bila neno hilo, umenunua kioo.

Na wakati mununuzi anawapa tablete za bure na programu yake ndani, mushukuru, kisha muulize mbele ya kusaini: tunaweza kutoa liste yetu yote kwa Excel, na alama zake, siku tunataka? Kobo inakubali. Programu zingine zinatunza liste kwa mwenye programu. Siku mutapenda kuuzia mutu mwingine mwenye analipa vizuri zaidi, mutajikuta munaanza tena kuzunguka milima shamba kwa shamba. Jibu liandikwe mu mukataba, hapana kwa mudomo.

Mbele ya kutoa feza

Musinunue kwa kuangalia sanduku. Muombe muuzaji awashe chombo na kuingiza KoboCollect pale pale, kwa rezo yake ao ya telefone yenu. Kisha mutoke naye inje, barabarani, mutoe SIM, mufunge Wi-Fi, mufungue fishe moja na kuomba alama. Ikija, murudi ndani kuzungumuza bei. Isipokuja kisha dakika kumi, muweke tablete ku meza na muende duka lingine. Faktire iandikwe kwa jina la koperative, na namba ya chombo juu yake. Komite zenye bado hazijatengeneza fishe ya kujaribu, agronome wa eneo lenu iko nayo mu telefone yake na atawapa siku ya mukutano.