Ngoma za Bujora na jumba la Forodhani

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Forodhani, Unguja. Jumba hilo la makumbusho lilikuwa katika ukarabati, na watu wawili waliokuwa kazini walipoteza maisha. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, nalo likabaki limesimama hata manowari za Waingereza zilipoupiga mizinga mtaa wa kasri mwaka 1896. Likaja kushindwa na unyevu na miaka mingi ya kukosa matunzo.

Mjadala wa mustakabali wa makumbusho ukianza, wengi hukimbilia skrini za kugusa na miwani ya kompyuta. Mimi naanzia paani. Fedha za lipu, mifereji na dawa ya mchwa hazina mbwembwe. Sijasikia mgeni rasmi akikata utepe kwa sababu mfereji umezibuliwa. Ila bila hizo, hakuna pa kuiweka hiyo skrini.

Hasara haihitaji miaka mia. Usiku wa 2 Septemba 2018, moto ulioanzia kwenye kiyoyozi uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil, jijini Rio de Janeiro, yaliyokuwa na vitu vinavyokadiriwa kufika milioni 20. Baadaye wanafunzi wakawaomba watu waliowahi kuyatembelea watume picha walizopiga. Kumbukumbu ya taifa ikatafutwa kwenye simu za wapita njia! Hapo teknolojia ina kazi ya kweli: kila kitu kipigwe picha, kipimwe, iandikwe kimetoka kwa nani, kisha nakala itunzwe mji mwingine. Anayehitajika ni karani mwenye subira kuliko mtambo wa bei mbaya.

Lakini paa zima na nakala safi havivuti watu. Kwa hilo twende Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Tanganyika ilikuwa imefuta utemi mwaka 1963, na ngoma za watemi pamoja na viti vyao vya enzi vikawa havina tena kazi barazani. Vikapata hifadhi Bujora. Mambo yangeishia hapo, pangekuwa ghala lenye mlinzi.

Hayakuishia hapo. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika Bulabo, na wachezaji wa Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma, hupambana. Kanuni ya mashindano haya ni kali: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayewanyang'anya wenzake watazamaji. Ndiyo maana vikundi havichoki kubuni vituko. Wapo wanaocheza na machatu, wapo waliowahi kumwingiza fisi uwanjani, wapo wanaorusha majembe juu na kuyadaka bila kukosa mdundo. Mtazamaji akichoka, anavuka upande wa pili, na jina kubwa la manju halimzuii.

Kanuni hiyo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila makumbusho tuliyonayo. Watoto wa shule hushushwa kwenye basi, hupangwa mstari, hunakili vibao kwenye madaftari, hupandishwa basi tena. Daftari la wageni litaonyesha wamefika. Wangapi watarudi Jumamosi na mama zao? Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya Korona, makumbusho yaliyozoea tiketi ya mtalii yalikosa pa kushika, kwa sababu jirani wa ng'ambo ya barabara hakuwa na mazoea ya kuingia.

Jirani huyo ana mambo yake, na si burudani tu: wapo wanaosubiri mabaki ya wazee wao. Septemba 2023, Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, wenye makao Berlin, ulitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Kijerumani. Vipimo vya DNA vilikuwa vimeyaunganisha machache na ndugu walio hai Kilimanjaro. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji, Songea, akaomba radhi kwa ukatili wa wakoloni hao na kukutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Nduna huyo alinyongwa mwaka 1906, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilirejeshwa mwaka 1954, na wageni hulitazama Kalenga, Iringa, ndani ya kioo. Je, mafuvu yatakayorudi sasa yafuate njia hiyo, au yazikwe? Wakuu wa makumbusho watakuwa na hoja zao za elimu na historia, na baadhi ni nzuri. Waanze hata hivyo kwa kukaa na koo husika, wasikilize mpaka mwisho, na wawe tayari kwa jibu kwamba makumbusho hayapati kitu.