Nafasi Jukwaani, Sauti Kliniki: Adabu na Uthabiti katika Mashindano ya Dansi ya Kiayalandi

Katika mashindano ya dansi ya Kiayalandi, wachezaji wawili au watatu hupanda jukwaani kwa wakati mmoja, lakini hawachezi pamoja. Kila mmoja ametoka katika shule yake, na kila mmoja anafuata hatua alizopangiwa na mwalimu wake. Kinachowaunganisha ni muziki na sakafu tu. Mpiga kodiani anaanza. Sehemu fupi ya kwanza ya muziki ni ya kusubiri, mguu mmoja umetangulizwa mbele na ncha ya kiatu imeelekezwa chini, mikono imeshuka ubavuni. Kisha wanaondoka. Huyu anakwenda kushoto, yule anazunguka kulia, na muda si muda njia zao zinakutana mbele ya meza ya mwamuzi.

Hapo ndipo hulka ya mtoto huonekana. Mmoja hupunguza hatua akajibanza pembeni mpaka wenzake wapite, na kwa kufanya hivyo hupoteza mapigo ya muziki. Mwingine hupita katikati kana kwamba jukwaa ni la kwao peke yao. Yupo pia yule anayemwona mwenzake mapema, akakunja njia yake kidogo bila kufupisha hatua, kisha akarudi mahali pake mbele ya mwamuzi. Huyu wa mwisho ndiye walimu wanayemtaka, na makala haya yanahusu namna anavyopatikana, pamoja na gharama ambayo mwili wake unaweza kuilipa pale anapofundishwa nusu tu ya somo.

Msomaji anaweza kushangaa kuona jarida la afya likizungumzia dansi ya kisiwa cha mbali. Sababu yetu ni kwamba adabu ileile inayompendezesha mtoto jukwaani inaweza kumfanya aufiche ufa wa mfupa wiki baada ya wiki. Aidha, shule za dansi hii zimeenea Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, na miongoni mwa wasomaji wetu walioko ughaibuni wamo wazazi ambao watoto wao hucheza na marafiki wa shuleni, na wauguzi na matabibu ambao huwapokea watoto hao wakichechemea.

Shindano lenyewe huitwa feis, neno la Kiayalandi litamkwalo karibu na “fesh”. Mashindano ya namna hii yalipata nguvu kutokana na Conradh na Gaeilge, chama kilichoundwa mwaka 1893 kuhuisha lugha na utamaduni wa Ayalandi, na tangu miaka ya 1930 chombo kiitwacho An Coimisiún le Rincí Gaelacha kimekuwa kikisimamia walimu, waamuzi na kanuni. Mashindano ya dunia yalianza Dublin mwaka 1970. Mwaka 1994, katika shindano la nyimbo la Eurovision lililofanyika jijini humo, onyesho la Riverdance la takriban dakika saba liliitambulisha dansi hii kwa mamilioni ya watu waliokuwa hawajawahi kuiona.

Adabu za jukwaani ni nyingi, na nyingi kati yake hazihitaji maelezo. Mchezaji huvaa namba kiunoni, hufika kando ya jukwaa kabla hajaitwa, wala hapiti mbele ya mwamuzi wakati wengine wanacheza. Akiwa katika foleni hagongi sakafu kwa viatu vigumu, kwa kuwa sauti ya viatu hivyo ni sehemu ya dansi ya yule anayepimwa. Akimaliza humwinamia mwamuzi na mpiga muziki, hurudi katika mstari, na hudumu pale, ametulia, mpaka wa mwisho amalize. Wazazi nao wana adabu zao: hawamwendei mwamuzi kumdai alama, na katika mashindano mengi hawaruhusiwi kupiga video. Ninaamini kanuni hii ya mwisho ingestahili kuigwa katika shughuli nyingi za watoto.

Adabu iliyo ngumu ni ile ya kugawana nafasi. Jukwaani hakuna mistari inayoonyesha njia ya kila mmoja. Walimu wengi hufundisha kwamba anayemwona mwenzake ndiye anayekwepa, na kwamba wakigongana wote wawili huendelea kucheza. Ikiwa mtoto ameanguka au amezuiwa kabisa, kwa kawaida ni mwamuzi anayeamua kama apewe nafasi ya kurudia. Kununa, kumtupia jicho kali aliyekugonga, au kusimama katikati ya wimbo ili dunia ijue umedhulumiwa, yote hayo ni utovu wa adabu.

Hapa inafaa tutue kidogo juu ya neno lenyewe. Katika malezi yetu, adabu huelekea upande wa kupisha. Mtoto mwenye adabu huamkia, huinama, hunyamaza wakubwa wakisema, huketi nyuma. Kwenye jukwaa la feis, kupisha kupita kiasi ni kosa, na si kwa sababu ya alama peke yake. Ni kweli kwamba mwamuzi hawezi kumpa alama mtu asiyemwona, na mtoto aliyejificha nyuma ya wenzake amejihukumu mwenyewe. Lakini kuna jambo zito zaidi: mwoga ni hatari kwa wenzake. Anayecheza njia yake kwa ukamilifu hutabirika, na aliye karibu naye hujua atakuwa wapi baada ya hatua mbili. Anayesita, akaenda, akarudi, hakuna awezaye kumkisia, naye ndiye anayekanyagwa au anayemwangusha mwenzake. Kuchukua nafasi yako barabara ni sehemu ya kumheshimu mwenzako.

Hiki ndicho tunachokiita uthabiti. Mbabe huichukua nafasi ya mwenziwe pamoja na yake. Mnyonge huitoa yake. Mthabiti huishika yake na kuiacha ya mwenziwe. Mtoto hazaliwi na uthabiti huo tayari, wala haupatikani kwa kumwambia tu “jiamini”. Mwili ulioshikwa na hofu humwaga adrenalini: moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na macho huganda kwenye kitu kimoja. Mtoto anayemtazama mwamuzi kwa hofu hawaoni tena wenzake walio kandoni. Kwa hiyo zoezi lenye manufaa ni lile la darasani: watoto watatu wacheze hatua tofauti ndani ya eneo dogo, mara kwa mara, mpaka kukwepana kuwe mazoea ya miguu wala si uamuzi wa kichwa. Kabla ya kupanda jukwaani, pumzi chache zenye kutoka polepole kuliko zilivyoingia hutuliza mapigo ya moyo. Zoezi hilo halihitaji kifaa chochote, na muuguzi yeyote anaweza kulifundisha.

Hadi hapa somo ni zuri. Sasa tutazame upande wake wa pili.

Dansi ya Kiayalandi huulemea sana mguu kuanzia goti kwenda chini. Mchezaji huruka juu, hutua mara nyingi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na hurudia hivyo kwa mamia katika zoezi moja. Kiwiliwili na mikono havina ruhusa ya kuyumba, kwa hiyo mwili hauwezi kutumia mikono kujisawazisha. Viatu laini havina mto wa kupokea kishindo. Viatu vigumu vina uzito na hugongwa sakafuni kwa makusudi. Haishangazi kwamba tafiti za majeraha ya wachezaji hawa hukuta mengi yakiwa katika unyayo, kifundo cha mguu na muundi, na kwamba sehemu kubwa hutokana na kulemewa kwa muda mrefu kuliko ajali ya ghafla: kano ya kisigino iliyovimba, maumivu chini ya kidole gumba, na nyufa za mifupa.

Ufa wa mfupa wa namna hii hauji kwa kishindo. Huanza kama maumivu mahali padogo panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, yanayojitokeza mwishoni mwa zoezi na kupoa kwa kupumzika. Baadaye huja mapema zaidi, kisha katika kutembea, kisha usiku. Mtoto akiacha kurukaruka mapema, mifupa mirefu ya unyayo kwa kawaida hupona katika muda wa wiki kadhaa. Akiendelea, ufa waweza kuwa mvunjiko kamili. Katika baadhi ya mifupa, hasa ule wa navikula ulio juu ya tao la unyayo, uponaji ni mgumu na upasuaji huweza kuhitajika.

Nani basi humfundisha mtoto kuendelea? Jukwaa lenyewe. Amefunzwa kwamba uso hauonyeshi maumivu, kwamba anayegongwa haachi kucheza, kwamba mwenye adabu husimama mstarini ametulia hata kama mguu unawaka moto. Kwa dakika mbili za wimbo, hayo ni mema. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili hana mpaka ulio wazi kati ya dakika mbili za jukwaani na miezi miwili ya mazoezi. Anaibeba adabu ile hadi darasani, hadi mezani nyumbani, hadi chumba cha daktari, na kila mahali anajibu “sijambo”. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na hapa kilio ni kiatu kisichoingia tena mguuni asubuhi ya mashindano.

Lawama si ya mtoto, wala si ya mwalimu peke yake. Mzazi aliyelipia mavazi, viatu na safari huuliza “utaweza?” kwa sauti ambayo tayari ina jibu ndani yake.

Sisi wa sekta ya afya tunalijua jambo hili kutoka vyumba vyetu vya upasuaji, ambako mdogo wa cheo aliona kosa akanyamaza. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008 na kujaribiwa katika hospitali nane duniani, ikiwemo moja ya Ifakara nchini Tanzania, inataka kila aliye chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Hatua hiyo inaonekana ndogo, lakini aliyekwisha kutamka neno moja mbele ya wakubwa huona wepesi kutamka la pili. Utaratibu ukimpa mtu zamu ya kusema, hahitaji ushujaa ili aseme.

Darasa la dansi laweza kufanya vivyo hivyo. Mwalimu anayeanza kila kipindi kwa kumuuliza kila mtoto, kwa zamu na kwa jina, “leo unaumwa wapi?” ameyaingiza maumivu ndani ya adabu ya darasa. Swali liwe “wapi”, lisiwe “je, unaumwa?”, kwani hilo la pili hujibiwa “hapana” kabla halijamalizika. Na anayejibu kwamba anaumwa asipoteze papo hapo nafasi yake katika timu, la sivyo wiki ijayo darasa zima litakuwa na afya njema ya kutia shaka.

Kwa mhudumu wa afya, mapendekezo yetu ni ya kawaida, ila yanasahaulika. Zungumza na mtoto kabla ya mzazi kujibu kwa niaba yake. Msichana aliyebalehe apewe pia dakika chache peke yake. Uliza ni saa ngapi za mazoezi kwa wiki, sakafu ni ya mbao au ya saruji, viatu vilibadilishwa lini, shindano lijalo ni lini. Swali la mwisho ndilo humweleza mpimaji kiasi gani cha maumivu kinafichwa. Bonyeza mfupa mmoja mmoja kwa kidole, taratibu. Kumbuka kwamba picha ya eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima ilhali ufa upo. Dalili zikiendelea kukutia shaka, mpumzishe mtoto na upange kipimo kingine, MRI pale inapopatikana, badala ya kumwambia hana kitu.

Muulize msichana kuhusu hedhi na chakula. Anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo, kwa makusudi au kwa kukosa muda, anaweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikapungukiwa na ulinzi wa homoni katika miaka ileile inayojijenga. Msichana aliyepata nyufa mbili ndani ya mwaka mmoja asirudishwe jukwaani kwa kutibiwa mguu peke yake.

Mtoto naye apewe maneno. “Siwezi” ni neno zito kwa aliyefundishwa kutokata tamaa, na wengi hawatalitamka. “Hapa panauma nikitua, na leo panauma mapema kuliko juzi” ni sentensi nyepesi zaidi, nayo ina taarifa yote ambayo mwalimu na daktari wanaihitaji. Afanye mazoezi ya kuisema kwa sauti akiwa kliniki, mzazi akisikiliza, kama anavyofanya mazoezi ya hatua.

Kurudi mchezoni ni kwa ngazi: kwanza kutembea bila maumivu, kisha kunyanyuka kwa vidole, kisha hatua za chini kwa viatu laini kwenye sakafu ya mbao, na mwisho miruko na viatu vigumu. Maumivu yakirudi, anashuka ngazi moja. Katika wiki za kusubiri hana haja ya kukaa nyumbani. Wachezaji wa dansi hii wana desturi ya kale ya kukariri hatua kwa viganja, mkono mmoja ukiwa mguu wa kulia na mwingine wa kushoto. Mtoto aliyejeruhiwa anaweza kuketi ukutani, muziki ukipigwa, na kuipitia dansi yake yote hewani kwa mikono ambayo jukwaani haina ruhusa ya kusogea.