Jozi na Mwenzi katika Tenisi

Katika tenisi ya wawili wawili, neno "jozi" hutaja wachezaji wanaosimama upande mmoja wa wavu. Hata hivyo, halitoshi kueleza maisha ya mchezaji aliyejikita katika mchezo huo. Kiatu kimoja kikipotea, jozi imekwisha. Mchezaji huweza kupata mwenzi mwingine. Todd Woodbridge wa Australia alitwaa ubingwa huo Wimbledon mara 9: mara 6 pamoja na Mark Woodforde, kati ya 1993 na 2000, na mara 3 pamoja na Jonas Björkman wa Uswidi, 2002 hadi 2004. Jozi zilikuwa mbili, ustadi ulikuwa mmoja. Yafaa basi "jozi" litaje timu, "mwenzi" litaje mshirika, na mtu mwenyewe aitwe "mweledi wa wawili wawili". "Bingwa" libaki kwa mshindi.