Mualimu wa pansio na madaftari ya ndeke

Kila siku ya posho, jua likianza kushuka, viti vinajaa kwa mualimu mmoja wa kartie yetu. Alifundisha watoto wetu historia miaka mingi, sasa iko mu pansio. Hataki jina lake litoke mu gazeti. Anaweka madaftari ya masomo juu ya meza na kuuliza wazee: ulitumika Luano mwaka gani? Ndeke gani zilikuwa zinatua? Nani alikuwa anashusha mizigo? Kazi hii hakuna mutu anamulipa.

Siku moja nilimwambia: "Papa Mualimu, sisi tunalilia mishahara, na weye unaandika mambo ya ndeke?" Alinijibu kwa habari mbili.

Ya kwanza ni ya 1925. Edmond Thieffry, Mbelgiji, alitoka Brussels kwa ndeke tarehe 12 mwezi wa pili, akafika Léopoldville tarehe 3 mwezi wa ine. Siku 51! Jina lake liko mu vitabu, na huko Brussels kituo kimoja cha metro kinaitwa Thieffry. Lakini batu waliokata majani na kusawanisha udongo ili ndeke itue, majina yao yako wapi?

Ya pili inatugusa sisi Bakatanga. Mwezi wa kenda 1961, askari wa ONU na wale wa Katanga walikuwa wanapigana Elisabethville. Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, alipanda DC-6 kule Léopoldville aende Ndola kuonana na Tshombe. Usiku wa kuamkia tarehe 18, ndeke ilianguka porini karibu na Ndola. Ndani mulikuwa watu 16. Mmoja tu alikutwa mzima, naye alikufa kisha siku chache.

Mule porini mulikuwa wachoma makala. Wengine wao walisema kama waliona ndeke ya pili juu, ao moto mbele ile kubwa haijaanguka. Uchunguzi wa Rhodesia haukupa neno lao uzito. Mu 1962 ulisema rubani njo alikosa.

Miaka karibu makumi tano ilipita. Msuedi mmoja akarudi kwa wale wazee, akawasikiliza, akaandika. Mu 2015 ONU iliweka jopo la kuchunguza tena, kiongozi wake Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania. Ripoti yake ya 2017 inasema inawezekana ndeke ilishambuliwa ao kutishwa na kitu cha inje. Mambo hayajaisha, lakini neno la mchoma makala liko sasa mu karatasi za ONU.

Nilinyamaza. Mimi ni mutu wa sendika, na nilikumbuka mwenzetu aliyekufa chini ya shimo. Ripoti ilisema alikosa yeye mwenyewe. Sisi watatu tulijua kama miti ya kushikilia udongo ilikuwa imeoza, na tulikuwa tumeisema kwa shefu. Tuliisema kwa kinywa tu. Mjane wake alirudi nyumbani mikono mitupu.

Tangu siku ile nafanya sawa Mualimu anavyofanya. Anaandika tarehe, saa, mahali na majina. Anatenga kile mutu aliona na macho yake na kile alisikia tu kwa wengine. Anamusomea yule mzee maneno yake, kisha mzee anatia sahihi ao kidole. Nakala ya pili inalala mu nyumba ingine, juu mvua na panya havichagui.

Bandugu wachimbaji, kila ekipe iwe na daftari lake. Na bamama, kama mzee iko kwenu aliyetumika Luano ao mu shimo, mumupe mtoto mmoja kalamu, akae naye. Mualimu amezeeka, hawezi kuzunguka kartie yote peke yake.