Ukivunja kikoba, usivunje na mwaka ujao

Msikilizaji, vikoba vingi huvunjwa Desemba. Ukinunua hisa tano za shilingi 2,000 kila wiki, kwa wiki 50 una shilingi 500,000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Ni pesa ya kutosha kuanzia.

Tatizo huja Januari. Sikukuu imepita, watoto wanataka sare na madaftari, shamba linataka mbolea. Asiyebakiza kitu hukopa, tena wengine huuza mahindi yangali shambani. Mavuno yakifika bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza, naye hawezi kusubiri: mdai yuko mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya mgawo, kaeni nyumbani mzipange fedha hizo mafungu matatu: shule na pembejeo, akiba ya dharura, na sikukuu. Pembejeo nunueni mapema. Akiba ya dharura irudi benki au kwenye simu, isikae mfukoni.

Akiba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuacha magunia ghalani, kwani mara nyingi bei hupanda miezi kadhaa baada ya mavuno. Mkulima huanza kujitegemea siku anapouza kwa kupenda, si kwa kubanwa.